Velindra wa Koti la Buluu

Dada yangu Bernadette alipika katika kantini ya shule, mwanamke mwenye mikono mipana na sauti ya kunyamazisha watoto mia. Lakini ukimsimamisha mbele ya rafu ya wanasesere, alinyamaza yeye kama mtu aliyeingia kanisani.

Mimi sikuwahi kukusanya kitu. Nilikuwa dereva wake tu. Hapa Erie, mji wa kando ya ziwa, theluji ikianza kumwagika kutoka ziwani, Bernie hakuthubutu kushika usukani, kwa hiyo kila Alhamisi, siku ambayo lori la mizigo huleta vitu vya kuchezea, nilimpitia kabla maduka hayajafunguliwa. Tulikaa garini na kahawa, vioo vikijaa ukungu, yeye akiutazama mlango kama paka.

Alichowinda ni kimoja: Velindra. Tulipokuwa wadogo baba alitupeleka kuona filamu ya katuni ya binti mfalme anayezamia chini ya ziwa lililoganda kwenda kuitoa kengele ya mji wake. Bernie alitoka akilia, baba akadhani ameogopa, akamnunulia bisi. Kumbe alikuwa anataka kurudi ndani. Alipokuwa mtu mzima, na wanasesere wa Velindra wakaanza kutoka upya, alikuwa nao wote: wa harusi, wa kuzamia, wa taji. Wote ndani ya maboksi yao, hakuna aliyefunguliwa. Aliyekosekana ni mmoja, wa koti la buluu, aliyeuzwa Krismasi moja tu na kumalizika kabla Bernie hajapona mafua.

Wawindaji wa wanasesere wana desturi yao. Ukimwona unayemtaka na mshahara bado haujatoka, unamficha. Humwachi kwenye rafu yake. Unampeleka pasipopitwa na mtu, halafu unarudi. Bernie aliwaficha wake nyuma ya mipira ya kumwagilia bustani. "Nani atanunua mpira wa bustani Februari?" alikuwa akisema, akijipongeza.

Februari hiyo mtu alirudisha Velindra wa koti la buluu dukani. Bernie akamwona, akamficha, akanipigia simu akihema. Kesho yake moyo ukamwangusha jikoni kwake. Madaktari walituambia kwa upole kwamba hatatoka hospitali, nasi tukamficha, naye akajifanya hajui.

"Marlys," aliniambia, mirija puani, "nenda kanichukulie. Rafu ya chini kabisa, upande wa ukutani."

"Pumzika kwanza."

"Nitapumzika sana. Nenda, mdogo wangu, kabla yule kunguru hajamwona."

Kunguru alikuwa Bi Claudine Sprague, mjane wa koti la zambarau, aliyewinda maduka yale yale miaka yote. Walisalimiana kwa matusi. Bernie alisema Bi Sprague ana mikono ya mwizi. Bi Sprague alisema Bernie anatembea kwa kishindo hivi kwamba wanasesere huanguka wenyewe.

Nilipofika dukani, mipira ya bustani haikuwepo. Walikuwa wameanza kupanga bidhaa za masika, mipira yote imehamishiwa mbele karibu na mlango, na pale ukutani pamebaki rafu tupu na vumbi. Bernie, aliyejua kila tundu la duka lile, alikuwa amesahau kitu kimoja: dukani masika huanza kabla theluji haijayeyuka.

Nilitafuta nyuma ya mbolea. Nilitafuta nyuma ya majembe. Kisha nikaona koti la zambarau kwenye safu ya mito, mkono mzima umezama ndani.

"Bi Sprague."

Hakushtuka. "Leo dereva kaja peke yake? Bosi wako amechoka kushindwa?"

"Umemchukua?"

"Nimemchukua nani? Aliyekuwa nyuma ya mipira?" Alicheka. "Walikuwa wanaihamisha jana asubuhi, mama, wangemkanyaga. Na mji mzima huu, anayeficha nyuma ya mipira ni Bernie peke yake. Nimemnunua. Mwambie aje mwenyewe aniombe, tena kwa adabu."

"Hawezi kuja," nikasema. "Yuko hospitali. Hatatoka."

Bi Sprague aliutoa mkono kwenye mito polepole. Akavifunga vifungo vya koti lake, akavifungua, akavifunga tena.

"Nifuate," akasema.

Nilimfuata kwa gari mpaka kwake. Aliniacha sebuleni na mbwa mzee aliyenusa viatu vyangu, akapanda juu, akakaa huko muda mrefu. Nikasikia maboksi yakisogezwa. Aliporudi alikuwa amelifunga boksi kwa taulo, kama mtu aliyebeba mkate wa moto. Nikafungua mkoba.

"Weka mkoba wako. Mwambie tu kwamba nimemtangulia. Hilo mwambie."

Bernie aliketi kitandani nilipoingia. Nilimwekea boksi mapajani, nikamweleza, na nilipofika kwenye habari ya kutanguliwa alikunja uso. Kisha akavaa miwani, akalisogeza boksi dirishani kwenye mwanga, akaitazama sura. Nyuso zile hupakwa rangi na mashine, na mashine hukosea, kwa hiyo wawindaji hutazama uso kabla ya nguo.

Alitazama mpaka nikaanza kuogopa.

"Huyu siye," akasema.

"Bernie, ana koti la buluu."

"Siye, nakwambia. Wangu jicho la kushoto lilipanda juu, kama amechomwa na pini. Nilimpenda hivyo hivyo. Huyu amenyooka, hana kasoro." Akaligeuza boksi. "Huyu ni wake. Alimpata Krismasi ile, akanitambia mpaka Pasaka. Nipe simu."

Nikampa simu. Sauti ya Bi Sprague ilisikika mpaka pale nilipoketi.

"Mwizi we," Bernie akasema. "Umenipa wako."

"Sijui unasema nini. Dawa hizo zimekupanda kichwani."

"Umebaki na mwenye makengeza, Claudine."

"Ananitazama vizuri kuliko ulivyowahi kunitazama wewe."

Walicheka wote wawili, na mimi nikatazama theluji dirishani. Bernie aliweka simu kwenye mto bila kuikata, akanigeukia.

"Fungua boksi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unamharibu, Bernie. Miaka yote hujafungua hata mmoja."

"Nataka kushika koti."

Nilikata utepe kwa mkasi wa nesi. Plastiki ilipasuka kwa mlio, na kutoka kwenye mto ukapanda ukelele: "Bernadette! Ni nini hicho? Usifungue! Mwanamke wewe, usithubutu!"

Dada yangu alikuwa ameshaingiza kidole chini ya kola.

"Vifungo vya kweli, Claudine," akaiambia simu. "Vinafunguka. Miaka yote hii sikujua vinafunguka."

Upande wa pili Bi Sprague akauliza, kwa sauti ndogo: "Na ndani ana nini?"

"Ngoja," Bernie akasema, akaanza kufungua cha kwanza.