Jina Mlilitoa, Mimi Mkaniacha

Fundi meno alikuwa akikoroga plasta kwenye bakuli la mpira, tayari kuimimina kwenye kalibu ya mteja, pale dada wa mapokezi alipoingia na simu mkononi, anacheka peke yake.

"Shoga, hebu sikia. Hii programu ya ushauri ina maneno! Nimeiuliza habari za yule bwana wangu mwenye wivu, ikanipa na mkasa juu yake."

Akaongeza sauti. Ilikuwa sauti laini ya kike, isiyovuta pumzi.

"Wewe si wa kwanza," ilisema. "Mwanamke mmoja, fundi wa meno bandia, alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga. Alivunja kioo cha dirisha la bafuni, akampitisha binti yake mwenye pumu, naye akafuata, kioo kikimchana mkono. Mume alikuwa sebuleni anatazama mpira. Leo wanaishi salama juu ya karakana ya baiskeli..."

"Khaa! Fundi meno, juu ya karakana ya baiskeli. Kama wewe kabisa!" dada wa mapokezi akasema. "Ila wewe mumeo alifariki."

"Ndiyo," fundi meno akajibu. "Alifariki."

Hivyo ndivyo alivyowaambia wote tangu ahamie mji huu. Dada wa mapokezi alipotoka, alijaribu kuchomoa kijiko kwenye bakuli, kikagoma. Plasta ilikuwa imeshaganda.

Ukweli wote aliumwaga kwa mtu mmoja tu: mshauri wa kituo cha akina mama, wakati ule usingizi ulipomkataa kabisa. Mshauri aliweka simu mezani na kumwomba ruhusa ya kurekodi, ili asiwe anaandika huku mwenzake analia. Akakubali. Mtu anayelia hasomi masharti.

Mchana huohuo aliomba ruhusa kazini, akaenda kituoni moja kwa moja. Mshauri alimsikiliza, na rangi ikamtoka.

"Dada yangu, tulipewa programu ya kuandika mazungumzo. Bure. Waliotupa, ndio hao wenye programu ya ushauri, walituhakikishia kuwa majina yote yangeondolewa."

"Jina mlilitoa," fundi meno akasema. "Mimi mkaniacha."

Alimpitia binti yake shuleni, akamshika mkono njia nzima kama mtoto wa chekechea. Binti alikuwa anaitwa Sisimizi, kwa kupenda kwake sukari, na alikuwa amefikia umri wa kuona haya kushikwa mkono. Walipofika, mama alifunga komeo, kisha akasogeza na kabati mlangoni.

"Mama, nani anakuja?"

"Hakuna anayekuja."

Akaingia chooni na simu, akaiuliza ile programu: yule fundi wa meno anaishi wapi? Ikamjibu kwa furaha, kama jirani mwema anayemwelekeza mgeni: karibu na kituo cha mabasi, mkabala na shule yenye geti la buluu. Akakaa sakafuni, kwa sababu alijua kabisa kwamba kila alilopewa yeye, mwingine yeyote angepewa.

Wakili aliyempata alikuwa mama mmoja mnene, mwepesi wa maneno. Alimwambia sheria iko upande wake: maelezo binafsi ya mtu hayachukuliwi kwa kazi moja yakatumiwa kwa nyingine bila yeye kuridhia. Wakaiandikia kampuni yenye programu. Jibu likaja haraka. Kampuni ilisema ule mkasa si maelezo ya mtu yeyote, bali ni hadithi iliyobuniwa na akili bandia, na hakimiliki yake ni ya kampuni.

"Kwa hiyo nimetungwa," fundi meno akasema.

"Itabidi tuthibitishe kuwa ni wewe."

"Wakili, si ndicho anachokitafuta yule mwanamume? Nikinyamaza, mashine inaendelea kuropoka. Nikisema ni mimi, nimempigia muhuri."

Wakili akavuta kalamu na karatasi. "Tutaomba shauri lisikilizwe kwa faragha, na jina lako lifichwe. Unaogopa?"

"Mimi natengeneza meno bandia, wao akili bandia. Yangu hayajawahi kumng'ata mtu. Ndiyo, naogopa."

Walisikilizwa ofisini kwa jaji, mlango umefungwa. Wakili wa kampuni, kijana mwenye adabu, aliapishwa asitoe neno nje. Akamuuliza fundi meno ana uthibitisho gani kwamba mwanamke wa kwenye hadithi ni yeye. Fundi meno alikunja mkono wa gauni hadi begani. Kovu la kioo lilianzia kwenye kiwiko na kupanda.

"Maisha ya mtu hayageuki mali ya kampuni kwa kuwa mashine imeyasimulia kwa sauti nzuri," jaji akasema. "Yaondoeni."

"Mheshimiwa, programu ikishajifunza, hatuwezi kuchomoa kisa kimoja."

"Basi mtaizima yote, mpaka muweze."

Fundi meno alishuka ngazi za mahakama akilia, safari hii kwa nafuu. Nafuu hiyo ilidumu hadi nyumbani. Fundi baiskeli alikuwa amesimama nje ya karakana, hana kazi mkononi, anamsubiri.

"Mama Sisimizi, leo kuna mtu alikuja. Mrefu, mpole, anaongea taratibu. Aliulizia mama wa meno bandia. Nikamwambia huko juu ni stoo ya matairi."

"Alikuwaje akiongea?"

"Anatabasamu. Lakini hapepesi macho."

Ni yeye, mumewe. Hakupanda hata kuchukua nguo. Alikimbia hadi shuleni, akampigia wakili akiwa getini. Polisi waliandika maelezo, wakamtafuta yule mtu, hawakumpata. Programu ilizimwa kesho yake, kama jaji alivyoamuru, wakati fundi meno na binti yake wakiwa tayari kwenye basi la kwenda mbali.

Huko walikohamia, jirani mpya aliwakaribisha vizuri, akauliza mama anafanya kazi gani.

"Nashona," fundi meno akasema.

Sisimizi alikuwa pembeni yake. "Anashona magauni," akaongeza mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, huku akimtazama jirani usoni bila kupepesa.