Mwenye Shoka Hukaa Nyuma

Wegesa alikuwa anasonga ugali wa mtama, jua likizama nyuma ya vilima vya Nyamwaga, mumewe Machage alipoingia, akaegemeza sime ukutani na kuketi. Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu afe. Nyuma yake aliingia Marwa wa ng'ambo ya mto, adui yake, aliyekufa katika vita ileile ya ng'ombe. Wegesa akaongeza unga. Hakuwa na mtu mwingine wa kula naye. Majirani walikwisha kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, na upweke ulimuuma kuliko njaa.

Wafu wale hawakuwa na habari mpya. Walibishana yaleyale.

"Shoka linapasua ngao ya nyati," alisema Machage.

"Likinasa humo, umekwisha," alisema Marwa. "Sime inachomoka, inapiga tena."

"Mbona mimi mlinimaliza kwa pigo moja?"

Wegesa alikuwa amewachoka. Alisogeza kibatari, akapapasa kisogo cha mumewe. Jeraha lilikuwa fupi, la kina, mfupa umebonyea ndani.

"Hili ni shoka," alisema.

"Sisi hatukuwa na shoka," Marwa alimwambia Machage. "Mto ulijaa mlipokwisha kuvuka na ng'ombe wetu, tukawafuata kwa kuogelea. Nani aogelee na shoka, mura?"

Upande wa Machage shoka lilikuwa moja tu. Mwenye shoka hukaa nyuma, maana kazi yake ni kuvunja mlango wa zizi. Siku ile alikuwa Waitara, mdogo wake Machage, aliyerithi ng'ombe wote.

Machage alitafuna tonge lake polepole.

"Basi shoka ni bora," alisema.

Asubuhi lori lilifika. Waitara, mwenyekiti wa kijiji kipya, aliketi kando ya dereva.

"Shemeji, panda."

"Machage ameshajua kuwa wewe ndiye uliyempiga."

"Najua. Weka vyungu katikati, barabara ni mbaya."

Machage alilifuata lori kwa miguu hadi mwisho wa shamba lake, akasimama. Wafu hawakupangiwa nyumba kule. Wegesa alitaka kumpungia, lakini alikuwa ameshika vyungu kwa mikono miwili.

Nyumba mpya zilikuwa kwenye mstari ulionyooka, yake ikipakana na ya mwenyekiti. Jioni alipika, akaacha mlango wazi. Aliyeingia ni Waitara. Kule shambani Wegesa alikuwa amemkatalia kila mara alipokuja kudai amrithi awe mkewe. Hapa Machage hakuwapo kumsikia akikataa, na majirani wote walikuwa chini ya mwenyekiti. Akamtengea ugali.

Waitara alinawa, akala, akaomba aongezewe.