Chapati za Kumwonyesha Bwana Harusi

Hebu niambieni, nani anapeleka ugali kwa wakwe? Ugali tunakula kila siku! Chapati ndiyo heshima. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu tulipovuka mpaka kutoka Tunduma kwenda Nakonde, mabeseni kichwani, kumpelekea Shadrack chakula cha kumwonyesha jinsi atakavyolishwa. Akila, ndoa ipo. Akikataa, hakuna ndoa. Na mwali alikuwa Violet, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe tangu ananyonya. Siku hiyo alikuja nasi, kajifunika kitenge, akaketi karibu na mlango.

Mama Shadrack akafunua bakuli la kuku. Akafunua la maharage. Akafunua la chapati, akalifunika tena.

“Ubwali buli kwi?” akauliza. Ugali uko wapi?

“Mama, tumewaletea chapati.”

“Hicho ni kitafunwa cha chai. Ina maana mwanangu atakuwa analala njaa?”

Shadrack hakuinua macho. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Unga nimekanda mimi, mabega yote yananiuma, halafu naambiwa kitafunwa! Nikafungua mdomo. Jirani yangu Rozi akanifinya paja.

“Nyamaza, utamharibia mtoto.”

“Bebeni vyombo vyenu,” akasema Mama Shadrack.

Hapo Violet akainuka. Akapita mbele ya wazee bila hata kupiga goti, akaingia jikoni kwa mama mkwe wake. Mungu wangu! Kwetu mwali haingii huko kabla ya harusi, akiingia, amehamia. Tukasikia maji yakimiminwa, baadaye mwiko ukigonga sufuria. Mama Shadrack akamfuata. Nilijua anakwenda kumtoa kwa kumburuta.

Alirudi amebeba ugali unaofuka mvuke. Akamega, akampa mwanawe. Shadrack akala.

“Binti yenu ameshika mwiko wangu,” akasema mama yake. “Akitoka leo, asirudi tena.”

Nikakimbilia mlango wa jikoni.

“Violet, twende. Harusi ni Jumamosi, mwanangu. Gauni lako liko kwangu.”

Hakugeuka. Alikuwa anakwangua sufuria.

“Nendeni tu, shangazi,” akasema. “Nisalimie wote nyumbani.”

Nyumbani tulikuwa mimi na yeye tu.