Kamba ya Gachoki

Kinya alipiga makofi mpaka pete ikamchomoka kidoleni, na hapo ndipo ugonjwa wa mumewe ulipoanzia.

Ilikuwa Embu, kwenye harusi ya Ruguru, binamu yake Kinya. Mithika na mkewe walikuwa wametoka Meru alfajiri, wamekula pilau, wameketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema, Kinya na kitambaa chake kipya cha kichwa. Mara msimamizi wa sherehe akamwita kijana mmoja wa mtaa wa Majimbo, jina lake Gachoki, aje achangamshe wageni. Gachoki akaja na kamba nyeupe mkononi, basi. Akafunga fundo hadharani, akashuka katikati ya watu, akasimama mbele ya Kinya, akamwuliza jina, akampa ncha moja ya kamba.

"Vuta, Mama."

Kinya akavuta. Fundo likapotea kama halijawahi kufungwa. Kisha kamba ikakatwa kwa makasi, vipande viwili vikaonyeshwa mpaka kwa mabibi waliokaa nyuma karibu na sufuria, na Gachoki alipovipuliza vikawa kamba moja. Wee! Kinya aliruka kitini, kinywa wazi, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, akapiga makofi kama msichana wa darasa la tatu.

Na Mithika, je? Mithika alikuwa ameikaba chupa ya soda shingoni. Na msidhani huyu ni mtu wa hivi hivi. Miaka kumi na minane amekula mkate wake kwa viini macho. Meru mjini wanamwita Mithika wa Karata. Kaa naye meza moja, uso kwa uso, mpe karata, sarafu, hata kizibo cha soda, na atakichukua mkononi mwako huku umekodoa macho, akitoe mfukoni mwa jirani yako. Akipita soko la Gakoromone wauza vitunguu hufunika mizigo yao kwa mikono yote miwili, wakicheka. Lakini mkewe alimpigia makofi lini mara ya mwisho? Alijaribu kukumbuka. Binti yao Nelius alikuwa hajazaliwa, na sasa Nelius yuko kidato cha kwanza.

"Umefurahi sana leo," alimwambia Kinya walipokuwa wakirudi.

"Aki nimefurahi! Baba Nelius, uliona vile fundo imeisha?"

"Niliona."

Hakuwa ameona kitu. Alikuwa amemtolea yule kijana macho kutoka mwanzo hadi mwisho, na kijana akampita peupe, mbele ya mkewe. Wivu ulimkaa tumboni kama githeri yenye mahindi yasiyoiva.

Akajitafutia sababu, kwa maana mwenye wivu hakosi sababu. Kinya hashangai, alijiambia, kwa sababu anajua siri zangu zote. Ni yeye aliyeshona ule mfuko wa siri ndani ya koti. Ni yeye aliyekaa jikoni jioni nyingi akisema, "Nimeona kidole gumba, rudia." Mpishi hastaajabu chakula. Basi dawa ilikuwa kumletea kitu asichokijua, kitu kikubwa, na kitu hicho kilikuwa kamba. Tangu siku hiyo Mithika alitaka jambo moja tu duniani: Kinya aruke kitini kwa ajili yake, amsahau yule wa Embu.

Lakini kamba ilimkataa. Wiki tatu alijifungia na mita mbili za kamba, akatoka na vidole vyekundu na aibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mithika akainama, shingo ikilia. Akampigia Gachoki simu. Kinya alidanganywa kwamba mumewe amepata kazi ya kila Jumanne kwenye ofisi fulani huko Embu, kuchangamsha wafanyakazi.

Huko Majimbo Gachoki alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. "Mwalimu! Karibu, mwalimu! Unajua mimi nilianza hii kazi kwa kukuangalia wewe? Hapo Meru, nikiwa chuo. Ulitoa saa yangu mkononi mpaka leo sijui ulipitia wapi."

Mithika akaketi, akapewa chai ya maziwa na ndizi mbivu. Ingekuwa heri kama kijana angekuwa na kiburi. Mtu mwema anachosha kumchukia.

"Mikono yako, mwalimu, usikasirike," Gachoki alimwambia Jumanne ya kwanza, "inaficha hata mahali hakuna kitu ya kuficha."

Ilikuwa kweli. Karata huchezwa kifuani, viwiko vimebana mbavu, vidole vimefungana kama vya mtu anayelinda nauli sokoni. Kamba inataka mikono itanuliwe, kila kitu kianikwe. Kila Mithika aliposhika ncha, kiganja chake kilijifunga chenyewe, na mtoto wa chekechea angejua kuna jambo humo. Miaka kumi na minane ya ustadi ikawa mzigo wa kuni mgongoni. Alifunga, akafungua, akafunga. Jumanne ya nne mikono ikaanza kulegea.

"Sasa bado macho," Gachoki akasema.

"Macho yana nini?"

"Unamwangalia mtu kama askari wa trafiki. Unachunguza kama amekushika. Hiyo ni ya karata. Kwa kamba, sahau kamba, sahau mikono. Mwangalie mtu usoni kama mtu ulimkosa siku nyingi sana. Yeye atainua macho akuangalie, na hapo ndipo mikono inamaliza kazi."

"Ndivyo ulivyomwangalia mke wangu?" Swali lilimfika Mithika kwenye meno. Akalimeza pamoja na chai, likashuka likimkwaruza.

Nyumbani alifanya mazoezi nyuma ya zizi, kwa kamba ya mbuzi wa Kinya, jike la kahawia lililopendwa kuliko jamaa wengine. Fundo lile la Gachoki lilikuwa la uongo: ukilitazama limekaza, lakini likivutwa linakwisha. Mithika alilifunga asubuhi, mchana, hata akila alikuwa akilifunga kwa vidole vitupu. Sasa sikieni alichokifanya bingwa wetu. Ijumaa moja alimhamisha mbuzi kwenye majani, akili iko Majimbo, akamfunga kwenye mti kwa fundo hilohilo, akaenda zake kunywa uji.

Kabla ya saa nne jirani yao Igoki alikuwa anapiga kelele kwenye ua. "Mama Nelius! Toka uone! Mbuzi yako imemaliza maharagwe yangu! Imeacha miti tu!"

Kinya alitoka mbio, akaomba msamaha, akamkokota mbuzi kwa sikio. Kisha akaiokota kamba. Aliishika mahali ilipokunjika, akaizungusha kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Nani amefunga mbuzi leo?"

"Ni mimi."

"Ulikaza?"

"Mafundo mawili! Huyo mbuzi ni shetani."

"Mm," Kinya akasema.

Jioni hiyo Mithika alimkuta anamenya viazi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, na ndani ya simu ni nani? Gachoki, na kamba yake, na suti yake ya harusi. Kinya alikuwa akitabasamu peke yake. Roho ilimchemka Mithika mpaka masikio yakapata moto. Alitaka kuitumbukiza ile simu kwenye karai la viazi. Badala yake alitoka nje, akafunga mafundo mpaka mwanga ukaisha.

Siku yake ilikuja Mikinduri. Baba yake Kinya alikuwa ametimiza miaka themanini, na watoto wakaandaa sherehe ya shukrani: maombi, nyimbo, mbuzi wawili, mukimo wa viazi wa kutosha, hema mbili uani pa mzee. Wageni walipomaliza kula, Mithika akasimama. Wakwe wakaanza kuchomoa vitambulisho na sarafu mifukoni na kumwekea mezani avichezee, wakijua tabia zake. Lakini hakwenda mezani. Alisimama mbele ya wote, akatoa kamba nyeupe.

"Kinya," akaita. Hakusema Mama Nelius. "Njoo unisaidie."

Kinya akaja akifuta mikono kwenye leso. Mithika akatanua mikono, akafunga fundo, akaliinua lionekane mpaka kwa wazee wa kanisa kule nyuma. Akampa mkewe ncha. Kisha akafanya alivyofundishwa: akaisahau kamba, akamtazama usoni kama mtu aliyemkosa siku nyingi.

Na Mungu wangu, ni kweli alikuwa amemkosa. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na mvi mbili. Zimeota lini? Pembeni mwa jicho palikuwa na mkunjo mdogo wa kucheka ambao hakuwahi kuuona. Kinya akainua macho, wakatazamana, na uso wa mwanamke ukabadilika, ukalainika.

"Vuta," Mithika akasema, na sauti ilimtoka ndogo.

Akavuta. Fundo likaisha. Hema zote mbili zikapiga ukelele, mzee wa miaka themanini akasema "Ii!" na kugonga fimbo chini, lakini Mithika hakusikia hata mmoja wao. Kinya alikuwa ameruka. Kinywa wazi, mikono juu, alipiga makofi mpaka leso ikaanguka. Hata kwa yule wa Embu hakuruka hivyo. Mithika alirudi Meru akiwa mrefu kuliko alivyokwenda.

Asubuhi yake alienda kumhamisha mbuzi, akamkuta anatafuna majani ya ndizi mlangoni pa jikoni. Kinya alikuwa amekaa kizingitini, kamba mapajani.

"Amefunguka tena?" Mithika akauliza.

"Nimemfungua mimi. Kuja uone."

Akaishika kamba, akaizungusha, na kwa pumzi moja akafunga fundo lile lile. Akalivuta. Likaisha. Safi kuliko la Mithika, safi kuliko la Gachoki.

Damu ilimpanda Mithika kichwani. "Nani amekufundisha? Ni huyo Gachoki?"

"Ala! Gachoki gani?" Kinya akacheka. "Baba alinipa miraa nifunge nikiwa na miaka sita. Vibunda na vibunda, kwa maganda ya mgomba, tangu asubuhi. Hii tulikuwa tunawafungia watoto wengine. Wakifika barabarani kibunda inafunguka, miraa yote chini, sisi tunakufa kwa kicheko."

"Kwa hivyo jana ulikuwa unajua."

"Nilijua tangu siku ya maharagwe."

"Na Embu?"

"Embu nilijua akiwa bado anafunga."

Mithika alikaa chini, palepale kwenye udongo. "Sasa ulikuwa unarukia nini?"

Kinya alikunja kamba polepole kabla ya kujibu. "Aliniangalia, Baba Nelius. Mtu amesimama mbele yangu, ameniuliza jina, ameniangalia usoni kama anataka nijibu. Wewe miaka yote unaangalia vidole vyangu, kama nitakushika. Unaweza kuniambia nimevaa nini hiyo harusi? Halafu jana ukaniangalia. Nikaruka. Ilikuwa tamu, sikudanganyi."

Hapo mtu mwenye akili angefurahi, na Mithika alijaribu. Alichokitaka alikuwa amekipata, mbele ya wakwe zake wote. Lakini sikio lake lilikuwa Majimbo, linasikia sauti ya kijana mpole: mwangalie mtu usoni kama mtu ulimkosa siku nyingi sana. Kamba haikuwa na kazi yoyote. Alichompa mkewe kilikuwa kile kile alichopewa na Gachoki, neno kwa neno, jicho kwa jicho.

"Hiyo ya kuniangalia hivyo," Kinya akauliza, akitabasamu mpaka ule mkunjo ukatokea, "ulifundishwa na nani?"

"Nani anifundishe?" Mithika akasema. "Ni mimi tu." Na alipokuwa akisema alikuwa anamtazama mbuzi.

"Mm," Kinya akasema.