Chumba cha Baba na Mfumo wa Bure

Siku kaka yake alipohamia chumba cha marehemu baba yao pale ofisini, Waya alihamishiwa kando ya mashine ya kutoa kopi, mkabala na mlango wa choo. Hilo angelimeza. Kilichomkaa kooni kama mwiba ni maneno ambayo kaka alimwambia Mama hata msiba haujapoa: "Huyu kesho keshokutwa anaolewa. Chumba cha Baba kiende kwa watu baki?" Mama, aliyekuwa hajiwezi kwa kilio, akakubali. Basi ofisi ya bima ambayo Waya aliijua tangu anabebwa mgongoni ikawa ya mtu ambaye zamani alikuwa anapita pale kula chakula cha mchana tu.

Hata jina la Waya alipewa na kaka huyo huyo, kwa kejeli, kwa kuwa hakosi kuinama chini ya meza akichomeka nyaya za kompyuta. Wafanyakazi wakacheka, jina likaganda. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Kaka alikuwa ameamsha.

Nafasi ikajileta yenyewe. Kompyuta zote za ofisi zilikuwa zinaendeshwa na mfumo wa wizi, usiolipiwa leseni, ambao kaka aliupata kwa rafiki yake wa kijiweni. Asubuhi moja kirusi kikazifunga zote. Mafaili yalipona kwa sababu Waya alikuwa ameweka nakala pembeni. Mama, ambaye sasa ndiye mwenye mali, akauliza wafanyeje. Waya akasema waweke Linux, mfumo huria: hauna leseni ya kununua wala ya kuiba, na yeyote anaruhusiwa kuuchukua, hata kuufungua aone ulivyoundwa.

"Cha bure!" kaka akaangua kicheko. "Haya, weka. Vya bure ndiyo saizi yako."

Waya akatabasamu tu. Akaweka, kisha akafundisha kila mtu: makarani, mpokea wageni, dereva, hata mama wa usafi akajua kufungua faili la mteja na kulichapisha. Mwanzoni walinung'unika, vitufe vimehama, "mbona printa inanikana?", halafu wakazoea. Kaka peke yake hakuja. "Nifundishwe na mdogo wangu, tena mbele ya dereva?"

Waya hakumbembeleza. Mtego hakuweka, ieleweke. Kompyuta ya kaka ilikuwa sawa na za wengine. Aliwaambia tu wenzake, kwa heshima zote, "Bosi asisumbuliwe." Kila kaka alipotaka karatasi, aliletewa imeshachapishwa. Akatunzwa kama yai. Anayebebwa hajui kama njia imebadilika. Waya akasubiri, na kusubiri huko kulikuwa kutamu, asikudanganye mtu.

Baba yao aliacha utaratibu mmoja usiovunjwa: mteja aliyepatwa na janga hapangi foleni wala hahudumiwi na karani. Anaingizwa chumbani, anakalishwa, na mwenye chumba, kwa mikono yake mwenyewe, anamfungulia faili mbele ya macho yake. "Aliyeunguliwa," alizoea kusema, "anataka kuona mkubwa akimhangaikia."

Siku Mama alipokuja kuitazama ofisi, akaingia Mzee wa Viatu, mteja na rafiki wa marehemu, nguo zinanuka moshi. Duka lake lilikuwa limeteketea lote. Mama akamshika mkono, akampeleka chumbani mwenyewe.

"Mwanangu, mfungulie mzee faili lake."

Kaka akashika kipanya. Akabofya kona ya chini, pale alipozoea. Kimya. Akabofya juu, kikafunguka kikokotoo cha kupigia hesabu. Akakifunga, kikafunguka tena.

"Leo mtandao..." alisema, jasho likimchuruzika.

Waya alikuwa mlangoni. Angeweza kuingia. Alisimama pale, bega kwenye fremu, akaitazama shingo ya kaka yake ikilowa. Akakumbuka msiba, akakumbuka harufu ya choo, akasema moyoni: bofya tena, kaka. Kaka akabofya tena.

"Inatosha," Mama akasema taratibu. "Umekalia kiti ambacho hujui kazi yake. Inuka."

Kaka akainuka, akapita mlangoni bila kumtazama mtu. Waya akaingia, moyo unamcheza kwa furaha. Ndipo alipomwona vizuri Mzee wa Viatu. Mzee alikuwa akilia kimya kimya, machozi yamechora njia kwenye masizi ya mashavu yake, na alikuwa akilia hivyo muda wote ule.

"Ulikuwa umesimama mlangoni tangu lini?" Mama akamuuliza Waya.

"Tangu mwanzo, Mama."

"Na mzee ulimwona?"

Muda wote ule macho ya Waya yalikuwa kwa kaka tu.

"Chumba ni chako," Mama akasema. "Lakini baba yako asingesimama akitazama."

Waya akavuta kiti. Kilikuwa bado na joto la kaka yake. Akakikalia hivyo hivyo, akafungua faili mara moja.

"Pole, mzee wangu," alisema, na mzee akaitikia akiwa ametazama chini.