Mdomo Kwenye Mkono wa Yoeli

Siku ya Jumatano, kwa heshima zote linazostahili tendo la kijinga, Yoeli alijichora mdomo kwenye mkono wa kushoto. Hakutumia kalamu. Alipasua ganda la korosho mbichi nyuma ya bweni, akachovya njiti kwenye mafuta yake, akachora midomo miwili minene chini ya kiwiko. Mtoto yeyote aliyekulia Chiungutwa, kwenye mikorosho, anaijua kazi hiyo: mafuta yale huunguza ngozi, ngozi hubambuka, na jina la mpenzi hubaki pale miaka na miaka. Wenye akili huchora kwa ncha, herufi mbili tu. Yoeli alipaka kama fundi anayepaka rangi mlango.

Sababu ilikuwa Cecil, mwenzake wa kidato cha pili, aliyetoka Dodoma na kulitangazia bwalo zima kwamba hakuna filamu ya kumtisha. Jumamosi mchana klabu ya filamu ingeonyesha filamu ya zamani, ya fundi saa ambaye kiganja chake kinaota mdomo. Yoeli alikusudia kumtolea Cecil mdomo wake gizani, pale patakapokuwa pabaya zaidi.

"We subiri," alimwambia. "Utamwita mama yako kwa majina yake yote matatu."

Kufikia Ijumaa malengelenge yalikuwa yameungana na kupasuka. Majimaji ya manjano yaligandisha mkono wa sweta, yakakauka, yakalowa tena. Hakumwambia mtu. Sheria ya shule ilikuwa fupi: anayejichora kwa korosho anarudishwa nyumbani wiki mbili. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza siku kumi na sita, na Mama Yoeli, kiongozi wa akina mama kanisani, alikwisha kuwaambia wenzake kwamba mwanawe ndiye atakayeongoza darasa. Kwa hiyo Yoeli alivaa sweta katika joto la Oktoba, wakati hata mbuzi wa shule walikuwa wamelala chini ya trekta.

Jumamosi bwalo lilizibwa madirisha kwa mablanketi. Mwalimu January, mtu wa Bukoba anayependa filamu kuliko mshahara wake, aliwasha projekta.

Filamu haikuwa na haraka. Kwanza kiganja kiliwasha tu. Kisha kikapata mstari, mstari ukapata midomo, midomo ikapata njaa. Fundi saa alinunua glavu. Akawa anakula chakula na wakwe zake huku mkono ukitafuna kipande cha nyama chini ya meza, nyaf, nyaf, na mate yakimdondokea kwenye suruali.

"Yesu wangu!" alilia Loveness, akajifunika kitenge.

Mwalimu January alisimamisha picha hapohapo, bila huruma.

"Hiyo ni gundi, mpira na uji," alisema. "Hakuna kompyuta hapo. Watu walikaa wiki nzima wakipika uji ili sisi leo tushindwe kula."

"Sasa kama ni uji, mwalimu, mbona inatia kinyaa hivi?" aliuliza Sabina, aliyekaa upande wa pili wa Cecil.

"Kwa sababu yeye haoni kinyaa tena. Mwangalieni usoni. Mwanzoni alitapika. Sasa anaufuta kwa leso, kama anamfuta mtoto. Huo ndio ufundi wa filamu hii: mwenye uozo ameuzoea, na sisi ndio tunaounusa kwa niaba yake."

Yoeli aliutazama mkono wa sweta. Asubuhi ile alikuwa ameufuta mkono kwa karatasi ya daftari la baiolojia, akaenda kunywa uji bila kunawa, na uji ulipomdondokea kidoleni, akakilamba.

Picha iliendelea. Cecil, aliyekaa ubavuni kwake, alinusa hewa mara mbili.

"Oya, kuna panya kafa hapa?"

"Mimi sisikii kitu," Yoeli alisema, na ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomtisha. Alivuta mkono wa sweta. Ulikuwa umeganda. Alivuta tena, ukaja na ngozi. Kwa mwanga wa projekta aliuona mdomo wake: umevimba, umefunguka katikati, unang'aa, unachuruzika. Ulikuwa mzuri kuliko wa kwenye filamu. Nafasi ya kumtisha Cecil ndiyo hiyo.

Akasimama.

"Mwalimu, naomba uwashe taa."

"Kaa chini, tumefika pazuri."

"Mimi nimefika pabaya, mwalimu."

Taa zikawaka. Cecil alitazama mara moja, akatapika juu ya viatu vyake mwenyewe, kisha juu ya vya Sabina. Mwalimu January alisogea, akaziba pua kwa leso.

"Korosho?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Unajua adhabu yake."

"Wiki mbili."

"Ungenyamaza mpaka mtihani uishe, nani angejua?"

"Hakuna," Yoeli alisema. "Nilikuwa nimeanza kuuzoea."

Nusu saa baadaye alikuwa zahanati, barua ya kurudishwa nyumbani ikiwa tayari kwenye mfuko wa mwalimu. Nesi Wilhelmina alilowesha pamba, akashika kibano.

"Geukia ukutani, baba. Nabambua ngozi iliyokufa, si jambo la kutazama."

"Hapana, nesi. Naomba nione."

Ngozi ilitoka vipande vipande, kama utando wa maziwa. Yoeli alitapika kwenye beseni mara mbili, na kila alipomaliza aliinua kichwa, akaangalia tena.