Baridi Iliyokataa Kustaafu

Semina ya wastaafu ilifanyika Lodwar, katika ukumbi wa kanisa wenye feni tatu, moja ikizunguka. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa mistari, lakini kufikia saa nne asubuhi mistari ilikuwa imevurugika, kwa sababu kila mstaafu alivuta kiti chake kumwelekea Sista Jerusha. Yeye alikaa karibu na dirisha, mikono juu ya mapaja, baridi ikimtoka kama kawaida. Bwana Kipngeno, afisa wa ustawi wa wastaafu aliyetumwa kutoka Nairobi, alidhani watu wanamheshimu tu mama huyo. Hakukosea sana.

Jerusha alikuwa muuguzi wa chanjo. Miaka yake yote ya kazi alibeba sanduku la barafu hadi Lokiriama, hadi Nadapal, na kokote ambako mtoto alizaliwa mbali na barabara. Gari likikwama, alilipakata sanduku. Barafu ikipungua, alilikumbatia. Hakuna chupa hata moja iliyomharibikia mkononi, na hilo alilisema bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake. Siku ya kustaafu alirudisha sanduku, sare, funguo na kadi ya matibabu. Baridi ilibaki mikononi. Mtunza stoo aliitazama, akakosa rafu ya kuiweka, akamwambia aende nayo nyumbani.

"Kunyweni maji mengi," alisema Kipngeno. "Tembeeni kila siku. Kuleni mboga za majani. Epukeni mawazo."

Wastaafu waliitikia kwa vichwa. Mboga za Lodwar huja na lori kutoka Kitale, na zikifika huwa zimechoka kuliko wastaafu wenyewe, lakini mgeni hakatizwi maneno.

Akasimama Asekon, aliyekuwa dereva wa gari la chanjo. Alikuwa mzee mrefu, na kisukari kilikuwa kimempunguza mwili bila kumgusa kimo. Mwaka uliopita kidonda cha kisigino kilikuwa karibu kimchukue mguu.

"Mimi natoka Kakuma," alisema. "Daktari anasema insulini ikae kwa friji. Friji ya zahanati yetu imekufa. Dawa ikiharibika, huu mguu unaenda. Sasa mimi naweka wapi?"

"Mahali penye baridi," alijibu Kipngeno.

Ukumbi ulicheka kwa adabu. Nje, mbwa walikuwa wamelala chini ya gari la afisa, ndimi nje.

"Friji mpya iko njiani," aliongeza Kipngeno.

"Zilete," Jerusha akamwambia Asekon.

Asekon akampa chupa zake. Jerusha alizifunga katika leso kabla ya kuzishika, kwa maana insulini ikiganda huharibika sawasawa na ile iliyochomwa na jua, na kiganja chake cha kulia kilikuwa na tabia ya kugandisha. Kisha akaenda kufungasha. Dawa ya kila siku haiwezi kukaa Lodwar na mgonjwa akakaa Kakuma. Asekon alikuwa na mbuzi, na mbuzi hawahami kwa ajili ya dawa.

Huko Kakuma Jerusha alipanga chumba nyuma ya duka la Abdikafi. Haukupita muda, kreti za soda zilizoegemea ukuta wa chumba hicho zikaanza kutoa jasho. Mwisho wa mwezi Jerusha alipopeleka kodi, Abdikafi aliusukuma nyuma mkono wake.

"Mama, kodi wacha," alisema. "Huo ukuta wako unaniuzia soda. Wallahi mimi ndiye nina deni."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakaja na wengine wenye sukari: polisi mmoja mstaafu, bibi mmoja aliyepikia shule ya bweni, na Elyse, mwalimu mzee kutoka kambi ya wakimbizi.

"Mimi nilifundishaka kule Uvira, mama," alisema Elyse, akinyoosha chupa yake. "Pensheni ilibakiaka kule na inchi yangu. Utanikubalia?"

Jerusha hakumwomba mtu kadi. Alipokea, akafunga, akaweka kiunoni, na kila saa ya sindano alimgawia kila mtu chupa yake bila kukosea hata mara moja. Kakuma ilimwonea fahari. Wachuuzi walimwelekeza mgeni kwa kumwambia pinda kulia baada ya Sista Baridi. Yeye mwenyewe alijivuna waziwazi, akitembea sokoni kifua mbele, chupa zikigongana taratibu kwenye leso, na hakuona sababu ya kujificha.

Vidole vyake ndivyo vilivyolalamika. Kilianza kidole kidogo cha mkono wa kushoto kukataa kukunjuka, kikafuatwa na jirani yake, mwishowe hadi gumba. Jerusha alirudi Lodwar kumwona daktari.

"Hii baridi inakula viungo vyako," daktari alimwambia. "Kuna matibabu, lakini yanataka kadi."

"Kadi nilirudisha pamoja na sare."

"Basi mchanga. Zika mikono kwenye mchanga wa moto kila mchana. Baridi itatoka yote, na haitarudi."

Mchanga hautaki kadi. Jerusha alishuka kwenye laga ya Tarach, mto mkavu unaopita Kakuma, akapiga magoti, akazika mikono hadi viwikoni. Jua lilikuwa utosini. Joto lilipanda polepole, likafika kwenye kidole gumba, na kidole gumba kikajikunjua chenyewe kama zamani. Machozi yalimtoka, kwa kuwa kwa muda mrefu alikuwa amesahau kwamba mikono ile ni yake pia.

Asekon alimkuta hapo. Alikuwa amekuja kwa sindano ya mchana.

"Ejok, Sista," alimsalimu.

"Ejok."

Alichungulia leso kiunoni mwake, akagusa chupa moja kwa mgongo wa kidole.

"Imeanza kupata joto," alisema. Kisha akaitazama mikono iliyozikwa, akaelewa. "Lakini wewe kaa tu, Sista. Mimi mguu niko nao miwili. Wewe hiyo mikono ndiyo unakulia chakula."

"Nyamaza, Asekon," alisema Jerusha. "Tulipokwama Lokiriama, nani alisukuma gari peke yake ili chanjo isiharibike?"

Akatoa mikono, akakung'uta mchanga, akazishika chupa ndani ya leso hadi zikapoa. Jioni kidole gumba kilikuwa kimekakamaa tena. Hakurudi laga.

Friji ilifika baada ya mvua chache, juu ya lori, ikiwa imefungwa turubai, na Kipngeno akiwa mbele na dereva. Alipita kwanza kwa Jerusha, akaingiza kipimajoto kwenye leso, akasoma, akaridhika. Akatoka nje kupiga simu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliporudi, alitangaza kwamba Kakuma tayari ina baridi ya kutosha, na friji itasonga mbele kwa wenye shida zaidi. Lori likaondoka nayo. Kisha akabandika juu ya mlango wa Jerusha stika ya mali ya serikali, akainyoosha vizuri kwa kiganja.

"Na vidole vyangu?" aliuliza Jerusha.

"Mama, matengenezo ni ya vifaa," alieleza Kipngeno kwa upole wa kweli. "Matibabu ni ya wafanyakazi. Wewe ni mstaafu."

Semina iliyofuata ilifanyika katika ukumbi uleule. Feni ya tatu nayo ilikuwa imestaafu. Kipngeno alirudia maji, matembezi na mboga. Alipofika kwenye dawa, akasema ziwekwe mahali penye baridi, safari hii akimwonyesha Jerusha kwa mkono.

"Mama huyu ni fahari ya ofisi yetu," alisema.

Jerusha akasimama.

"Hakuna chupa niliyowahi kuharibu," alisema. "Hiyo fahari ni yangu, si ya ofisi. Na friji ya Kakuma bado."

"Iko njiani," alisema Kipngeno.

Ukumbi mzima ulimpigia Jerusha makofi. Alitaka kuitikia kwa makofi yake, kama ilivyo desturi, lakini viganja vilikataa kufunguka. Kando yake Asekon alikuwa amesimama kwa miguu yake yote miwili. Alipiga makofi yake pamoja na wengine, na walipokwisha kukaa, akabaki amesimama, akapiga na ya Sista.